Wakaaji kwa Hisani

Kaka yangu Mugambi alimsoma mtu mmoja kwa miaka saba. Mtu mwenyewe hakuwa nabii wala hakuwa wa kwetu. Alikuwa Mskoti, Sir Gilbert Rannoway wa Balgarroch, mbunge na mkulima, aliyezaliwa mwaka 1724 na kufa 1793 akiwa bado anamwandikia msimamizi wake barua kuhusu samadi. Miaka saba katika chuo kikuu hapa Sydney, mkewe akifanya shift mbili kwa siku ili Daktari amalize. Alipomaliza hakuna chuo kilichomtaka. Sasa anapanga roster za zamu katika ofisi moja ya huduma za walemavu, lakini ukimwita Mugambi bila kutanguliza Daktari anakutazama kana kwamba umemkanyaga.

Sisi tuliokuwa karibu naye tulisomeshwa Sir Gilbert kwa lazima. Krismasi, ubatizo, matanga, popote Mugambi aliposhika sahani ya pilau, Sir Gilbert alikuwa pale. Tukajua kwamba alikaa bungeni London miaka ishirini na miwili na akasimama kuzungumza mara nne tu, mbili kati ya hizo kuhusu kodi ya kimea. Tukajua kwamba wilaya yake nzima ilikuwa na wapigakura thelathini na wanane, na alipoona hawamtoshi alitengeneza wengine kwa karatasi. Anampa rafiki yake hati ya kipande cha ardhi, rafiki anapiga kura, kisha hati inarudi ilikotoka. Mugambi husimulia hilo akicheka. Mwaka aliopata uenyekiti wa chama chetu cha watu wa nyumbani aliandikisha wanachama ishirini na sita alasiri moja, penye nyama choma, na mpaka leo sijamwona tena hata mmoja wao.

Lakini alichompendea hasa ni shamba. Sir Gilbert alirithi nchi ya vipande vipande, kila familia na mistari yake ya shayiri iliyochanganyikana na ya jirani. Akaita mpimaji. Akachora mipaka iliyonyooka, akapanda ua wa vichaka, akamwaga chokaa, akaleta tanipu za kulisha ng'ombe wakati wa baridi, akapanda miti laki mbili. Familia arobaini na tatu zilizokuwa zikiishi katikati ya hiyo mipaka akazihamishia kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zote zikitazama upande mmoja, kijiji akakipa jina la mkewe. Mugambi akifika hapo huweka sahani chini.

"Improvement," husema. "Hilo ndilo neno tulilolikosa sisi."

Mimi ni Kendi, mdogo wake. Nyumbani nilifundisha Kiswahili miaka kumi na moja katika shule ya wasichana karibu na Nkubu, huko Meru. Hapa naishi Blacktown na ninaosha watu katika nyumba moja ya wazee Lidcombe. Silalamiki. Ni kazi, na wazee wengine wana adabu kuliko watoto wao. Ila mtu aliyekuwa akisahihisha insha mia na ishirini kwa wiki, na sasa anaandika kwenye tablet kwamba bibi fulani amekula vizuri na amekwenda choo, ana njaa fulani ambayo wenzake hawaioni. Kwa hiyo Mugambi aliponipigia mwezi wa Novemba akasema anahitaji Kiswahili changu, kile kizuri, si hiki cha mtaani, nilifurahi hata kabla sijamuuliza ni cha kazi gani.

Alikuwa ameandaa mhadhara katika ukumbi wa Blacktown, juu ya ardhi na sisi tulio ughaibuni. Wakongomani wangekuja pia, na kwa hao Kiingereza hakifiki moyoni. Alitaka nimtafsirie barua ambayo Sir Gilbert aliwaandikia wakaaji wake mwaka 1771, ili aisome mbele ya watu.

Barua yenyewe ilikuwa kavu kama mfupa. Mistari kumi na miwili. Wale wanaoishi upande wa chini wa kijito, tenants at will, wataondolewa ifikapo Whitsun, yaani Pentekoste, ambayo kwa hesabu ya nchi ile ni tarehe kumi na tano Mei. Kuna nyumba kando ya barabara. Atakayekaidi atashushiwa paa. Hakuna salamu, hakuna tafadhali, mwishoni sahihi tu.

Niliifanyia kazi kwenye treni wiki mbili nzima, asubuhi kutoka Blacktown, jioni kutoka Lidcombe, daftari gotini. Lililonisumbua zaidi ni hilo tenants at will. Ni watu waliokaa bila mkataba, kwa kupenda kwake mwenye ardhi, siku asipopenda wanaondoka. Nikaandika wapangaji wa hiari, nikafuta, maana hiari ingeonekana ni yao. Nikaandika wakaaji wasio na mkataba, ikawa inanuka ofisi ya wilaya. Siku moja treni imesimama Granville bila sababu, neno likanijia lenyewe: wakaaji kwa hisani. Nilitaka kumgusa abiria aliyekaa pembeni nimwambie. Hapo mwanzo niliandika kwa hisani ya mwenye shamba, lakini sentensi ikawa nzito, nikaukata mkia. Kwa hisani. Ilitosha, na ililia vizuri.

Kisha nikafanya kosa ambalo mwalimu wa Kiswahili peke yake angelifanya. Nikaitia ile barua adabu. Miaka kumi na moja nimewakata wasichana alama kwa barua isiyo na salamu, mkono wangu haungekubali kuandika nyingine. Nikatanguliza wapendwa. Nikaongeza heshima na moyo mkunjufu. Habari ya kushushiwa paa nikaiacha, nikajiambia kwamba katika Kiswahili hutishi mtu uliyekwisha kumsalimu. Na palipokuwa na pengo katikati, ili aya ikae sawa, nikaweka sentensi ambayo Sir Gilbert hakuiandika kamwe. Ikawa hivi:

"Kwenu wapendwa wa upande wa chini. Baada ya salamu nyingi na heshima, twawajulisha kwamba ardhi hii yahitaji kutengenezwa ili izae inavyopaswa. Ninyi mmekaa hapa kwa hisani, nasi tunaithamini miaka hiyo yote. Kwa hiyo twawaomba, kwa moyo mkunjufu, muwe mmehama ifikapo tarehe kumi na tano Mei, mkaingie katika nyumba mpya tuliyowaandalia kando ya barabara. Ni sisi wenu, tuwatakiao mema."

Mugambi aliisoma ukumbini kwa sauti ya mchungaji. Watu walipiga makofi. Emérance, Mkongomani ninayefanya naye kazi Lidcombe, aliyekimbia Masisi na watoto wanne na sufuria moja, akainua mkono.

"Docteur, na bale batu, balienda wapi?"

Mugambi akasema wengine waliingia kijijini, wengine walipanda meli. Akatabasamu akaongeza kwamba baadhi yao, nani ajue, huenda walifika mpaka hapahapa Sydney wakapata ardhi yao wenyewe. Watu wakacheka. Emérance hakucheka, na mimi nilikuwa bado nasikiliza jinsi sentensi zangu zilivyopanda na kushuka ukumbini, sikuwa na nafasi ya kujiuliza ardhi hiyo nayo ilikuwa ya nani.

Hiyo ilikuwa Novemba. Mwaka uliofuata, tarehe tano Mei, niko kwenye mapumziko ya chai, simu ikaita kutoka nyumbani. Alikuwa Tata Peninah. Tata kwetu ni shangazi, ingawa yeye si ndugu yetu wa damu. Baba alimkaribisha mumewe wakati mimi sijazaliwa, wakafyeka pamoja, akamwonyesha mahali ng'ambo ya kijito, upande wa chini wa shamba, akamwambia ajenge. Karatasi hazikuandikwa, ilikuwa neno la mtu na mtu. Mume amezikwa palepale, na mtoto wao mmoja mchanga kando yake.

Na baba alipopooza, mimi nikiwa huku nawageuza wazee wa Lidcombe kila baada ya saa mbili ili wasipate vidonda, Tata Peninah ndiye aliyekuwa akivuka kijito kumgeuza baba. Miaka sita. Mimi nina cheti cha kazi hiyo, cha rangi, chenye muhuri. Yeye hakuwa na cheti, na baba alizikwa bila kidonda hata kimoja mgongoni. Baada ya matanga, hati ya shamba ilikwenda kwa Mugambi. Nilitakiwa kukubali kwa maandishi, nikakubali. Nilitia sahihi kwenye meza ya mzee mmoja wa kujitolea anayeshuhudia sahihi na kugonga mihuri katika maktaba ya Blacktown, nikapitia dukani kununua maziwa nikaenda nyumbani. Shamba ningelifanyia nini mimi?

Tulizungumza Kimeru kama kawaida. Akaniuliza habari za baridi ya huku. Akasema amepata barua yangu na amefurahi sana, angenipigia mapema ila simu ya mwanawe ilikuwa imeharibika. Nikamuuliza barua ipi. Akasema ile aliyotumiwa na Mugambi, akaambiwa nimeiandika mimi, ngoja. Nikasikia karatasi ikifunguliwa, kisha akaanza kusoma kwa Kiswahili, polepole, kwa ile sauti ya mtoto anayemsomea mwalimu, akipumzika kila penye nukta.

"Kwenu wapendwa wa upande wa chini. Baada ya salamu nyingi na heshima..."

Aliisoma yote. Mugambi hakuwa amebadilisha kitu. Sir Gilbert alikuwa na kijito na sisi tuna kijito, Sir Gilbert alikuwa na barabara na sisi tuna barabara. Hata tarehe aliiacha. Chini kabisa palikuwa na mstari mmoja mpya wa kutia sahihi: mimi fulani nakubali kwamba nimekaa hapa kwa hisani na nitahama kwa hiari yangu.

"Na nimetia sahihi," akasema Tata Peninah. Tayari alikuwa ameshushisha mabati ya jikoni. Alichonipigia ni kuniambia tu kwamba ameipata na ametii.

Hapohapo kengele ya chumba namba tisa ikalia, na msimamizi akachungulia mlangoni. Nikamwambia Tata nitampigia. Mikanda ya mashine ya kunyanyulia wagonjwa niliifunga kinyume, Emérance akaifungua akaifunga upya. Kwenye treni jioni nilimweleza yote. Alinisikiliza hadi Parramatta.

"Kwetu balikuya na bunduki tu," akasema. "Barua ya muzuri vile, hatukupata."

Hakusema kwa ubaya. Ingekuwa afadhali angesema kwa ubaya.

Nilikwenda kwa Mugambi siku iliyofuata, kabla ya shift. Anakaa kule kwenye nyumba mpya za Marsden Park, ambako kila kitu kimepimwa kwa kamba, na mbele ya nyumba yake amepanda ua mfupi anaoukata mwenyewe kila Jumamosi. Binti yake alinifungulia. Nilimsalimu kwa Kiswahili, akajibu, "Dad's in the study, Auntie," akarudi kwenye simu yake. Ukutani kwenye hiyo study kuna picha ya Sir Gilbert, na wigi lake, na kidevu chake cha mtu ambaye hajawahi kuambiwa hapana.

Nikamuuliza kaka yangu kama ni kweli amemtumia Tata Peninah barua ya mzungu aliyekufa zamani.

Hakukana. Akanipa kiti. Akanieleza kwa utulivu, kama anayeeleza roster. Upande wa chini ndio wenye maji. Kuna kampuni inayotafuta mashamba ya parachichi, lakini haichukui kipande chenye watu katikati. Tata atapata nyumba ya mawe kando ya barabara, yenye maji ya bomba, badala ya kuzeekea kwenye mbao zinazooza. Makaburi hayataguswa, miti itapandwa kuyazunguka. Nikasema kaburi la mume wa mtu si kisiki cha kuzungushiwa miti.

"Kendi, hii si eviction," akasema. "Ni relocation. Kila kitu kiko above board. Mbona unaongea kana kwamba nimemtuma mtu na panga?"

Nikamuuliza kama anajua tarehe kumi na tano Mei ni nini. Akasema ni deadline. Nikamwambia ni Whitsun ya Uskoti, mwisho wa msimu wao, wakati ghala zao zimekwisha na shayiri mpya haijashika. Kule nyumbani ni katikati ya mvua. Maharagwe ya Tata yametoa maua tu, mahindi yanafika kiunoni, na barua inamtaka ayaache yakiwa yamesimama shambani. Mugambi akatazama dirishani, halafu akatazama kalenda.

"Hilo halikunijia," akasema. Na ninaamini hakudanganya. Mtoto wa mkulima, daktari wa kilimo cha watu wengine, miaka saba akihesabu tanipu za Balgarroch, na halikumjia kwamba mwezi wa tano kwetu kuna maharagwe shambani. Nilimchukia wakati huo kuliko ambavyo ningemchukia angekuwa mwizi tu.

Nikamtaka airudishe barua. Aandike nyingine, aseme ile ilikuwa makosa. Akatikisa kichwa, akasema wakili wake Meru hatakubali, maana ile karatasi ndiyo kila kitu. Mtu aliyekaa mahali zaidi ya miaka arobaini bila kuambiwa neno anaweza kwenda mahakamani akadai ni pake, na mwana wa Tata alikwisha kuanza kuulizauliza. Lakini mtu aliyekiri kwa maandishi kwamba alikaa kwa hisani ya mwingine hana kesi.

"Wakili aliniuliza, hili neno nani amelichagua?" akasema Mugambi. "Eti amefanya kazi miaka thelathini hajaona limewekwa vizuri namna hiyo. Nikamwambia ni dada yangu. That word is gold, Kendi."

Alikuwa ananisifu, na aliniangalia akingoja nifurahi. Na lililo baya zaidi katika habari hii yote, nalisema kwa kuwa hakuna mwingine wa kulisema, ni kwamba kwa muda mfupi, mfupi sana, nilifurahi. Miaka tisa katika nchi hii hakuna aliyekuwa amelisifu neno langu hata moja.

Kisha nikasimama, nikamwambia nitampigia Tata mwenyewe nimweleze barua ile si yangu. Mugambi akanisindikiza mlangoni. Akasema nifanye ninavyoona, ila nikumbuke kumweleza pia nani alitia sahihi maktaba ya Blacktown.

Nilipiga simu Jumamosi saa kumi jioni, huko kwao saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimejiandaa kama wa kuingia darasani, maneno nimeyapanga. Aliyepokea ni mwanawe. Huyo hakunisalimu kwa furaha. Aliniambia amekwenda kwa wakili wa kwake, wa pili, na wakili huyo amesema bado kuna njia moja. Mama yake anaweza kuieleza mahakama kwamba alitia sahihi kitu asichokielewa, ikiwa yupo mtu wa kuthibitisha jinsi barua ilivyotengenezwa. Amesikia kutoka kwa mtu wa Sydney kwamba ile barua ilisomwa ukumbini mwaka jana kama hadithi ya wazungu. Je, ni kweli? Nikasema ni kweli.

"Basi, mwalimu, niandikie ukurasa mmoja," akasema. "Uandike kwamba ni tafsiri, na hilo neno hisani lilimaanisha nini, na kwamba mama aliwekewa mtego. Ukurasa mmoja tu. Tunasimamisha kila kitu Jumatatu."

Nikamwambia nitauandika. Nilisema bila kusita na nilikuwa na nia hiyo kabisa. Mugambi angenikana, wajomba wangenikana, kanisani wangeketi mbali nami, sawa. Nikamwomba anipe mama yake, kwa kuwa haikufaa ayasikie kwa wakili. Akaweka simu kwenye spika.

Tata Peninah alikuwa na haraka ya kuongea, kama mtu aliyengoja mgeni aondoke. Akasema mwanawe anamsumbua. Anasema barua ni mbaya, imemwondolea haki, imemfanya mwombaji. Yeye amemwambia kwamba amesoma shule nyingi lakini kusoma hajui.

"Si redioni kila siku wanasema kipindi hiki kimewafikia kwa hisani ya fulani?" akasema. "Wanamshukuru huyo fulani. Ndiye aliyetoa. Basi mimi nilipofika pale, mmekaa hapa kwa hisani, nasi tunaithamini miaka hiyo yote, niliketi chini, nikaona hisani inayotajwa ni yangu. Baba yenu mwishoni hakuwa na ulimi wa kuniambia asante. Ananitazama tu nikimgeuza. Na ninyi mlikuwa mbali, na mna kazi, sikuwalaumu. Lakini nilikuwa najiuliza kama kuna mtu anajua. Nikasema, Kendi anajua. Kendi ameliandika. Barua ya Mugambi peke yake ningeichania mlangoni. Hiyo yako niliipeleka kanisani wakaisoma mbele ya akina mama, nikatia sahihi palepale." Kisha akauliza: "Au nilisoma vibaya, mwalimu?"

Maneno niliyoyapanga yalikuwepo. Ningeanza na lile la kwanza na mengine yangefuata. Ningemwambia kwamba hisani ile haikuwa yake, ilikuwa ya Mskoti mmoja, kisha ya kaka yangu. Kwamba ile sentensi ya kuthamini miaka niliiweka ili aya isichechemee. Kwamba miaka sita ya kumgeuza baba haikunipitia akilini hata kituo kimoja cha treni, kutoka Blacktown hadi Lidcombe, wiki mbili nzima. Ningemrudishia nyumba yake na maharagwe yake, na badala yake ningechukua hilo moja alilokuwa nalo.

Nimejiambia mara nyingi tangu siku ile kwamba nilimhurumia. Si kweli. Niliona aibu, na nilitaka anipende.

"Umesoma vizuri, Tata," nikamwambia. "Ndivyo nilivyomaanisha."

Akamshukuru Mungu, akaniombea baraka, akasema anakwenda kumalizia kufungasha vyombo. Nilisikia mwanawe akiichukua simu na kutoka nayo nje, mlango ukajifunga nyuma yake.

"Kwa hiyo huo ukurasa hutauandika," akasema.

Nikamwambia mama yake amesoma vizuri.

"Asante, mwalimu," akasema, akakata.